Saratani ya Mfupa, au Saratani Iliyomo Mfupani?

Hivi karibuni tuliombwa kupitia tafsiri ya kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa wa hospitali moja. Mfasiri wake ni hodari, na sentensi zake zasomeka bila kukwaza. Hata hivyo, maneno "saratani ya mfupa" yalitusimamisha, kwani yametumika humo kwa magonjwa matatu yaliyo mbalimbali: saratani iliyozaliwa katika mfupa wenyewe, saratani iliyozaliwa mbali, kama vile katika titi au tezi dume, kisha ikasafiri hadi mfupani, na sakoma ya tishu laini iliyokua kando ya mfupa na hatimaye ikaushambulia.

Kosa si la mfasiri peke yake. Kiunganifu "-a" hubebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Tusemapo "maji ya kisima" twataja yatokako; tusemapo "maji ya mtungi" twataja yalimo. Sokoni hakuna apoteaye kwa hilo. Lakini katika tiba jina la saratani hufuata chanzo chake, na matibabu nayo hutegemea chanzo hicho. Saratani ya titi iliyofika mfupani ingali saratani ya titi.

Sakoma za tishu laini huzuka katika mafuta, misuli, mishipa ya damu, ala za neva na tishu za nyuzinyuzi. Kijitabu chaziita "saratani za nyama". Ni kweli kwamba neno sakoma lenyewe lina asili ya Kiyunani yenye maana ya nyama. Lakini kwa msomaji wetu nyama ni msuli, na mafuta na mishipa huachwa nje. Twapendelea "tishu laini". Mfano wa karibu ni sakoma ya Kaposi, iliyoelezwa na daktari huyo mwaka 1872, na iliyojulikana Afrika Mashariki kabla ya UKIMWI. Madoa yake huonekana ngozini, kwa hiyo wafasiri huvutwa kuiita saratani ya ngozi. Kumbe huhesabiwa miongoni mwa vivimbe vya mishipa, na aina yake kali ya huku kwetu huweza kuchimba hadi kwenye mifupa ya mguu.

Mara nyingi sakoma ya tishu laini huuegemea tu mfupa. Yaweza pia kumomonyoa ganda lake gumu, na mara chache zaidi hulipenya na kufika kwenye uloto. Kijitabu chasema kwa hali zote hizo: "uvimbe umekula mfupa". Hapa ndipo hasara ilipo. Uvimbe ulioegemea tu, mara nyingi daktari mpasuaji huweza kuuondoa pamoja na utando ufunikao mfupa, mfupa wenyewe ukabaki. Ulioingia ndani humlazimu kuondoa na sehemu ya mfupa. Mgonjwa anayetia sahihi fomu ya kukubali upasuaji anaambiwa lipi kati ya hayo? Nasi tunayo njia ya kueleza tofauti hiyo bila kukopa neno hata moja: uvimbe upo mfupani, au umo mfupani. Mtoto wa shule huijua tofauti ya "po" na "mo". Ajabu ni kwamba twaisahau tushikapo kalamu ya kutafsiri.

Neno "kupima" nalo limefanyishwa kazi kupita kiasi. "Mgonjwa atapimwa mara tatu," chasema kijitabu. Picha ya eksirei huonyesha ganda lililomomonyoka, au chembe za chokaa ndani ya uvimbe. Picha za MRI, zipigwazo kwa nguvu za sumaku, huonyesha mpaka wa uvimbe na hali ya uloto. Lakini uloto uliobadilika pichani si lazima uwe umeingiwa na saratani; huenda umejaa majimaji tu. Mtaalamu wa picha aandikapo "huenda", mfasiri asiandike "imethibitika". Tuliliona kosa hilo mara mbili katika kurasa nne.

Uthibitisho hutokana na biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe ili mwanapatholojia akitazame kwa hadubini. Kijitabu chaita kazi hiyo "kukata kinyama". Mfasiri alikusudia kinofu kidogo, lakini ni nani atakayekubali kukatwa kinyama? Tena aghalabu hakuna kukata kukubwa: sindano nene hutosha, nayo huelekezwa kwa uangalifu, kwa kuwa njia iliyopita huondolewa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji. Twapendekeza "kuchukua sampuli ya uvimbe", na neno "biopsi" libaki katika maandishi ya wataalamu.

Kwa jumla, basi, "sakoma ya mfupa" iwe ni ile iliyozaliwa humo tu. Nyingine iitwe "saratani iliyosambaa hadi mfupani". Na hii ya tatu "sakoma ya tishu laini iliyopenya mfupa", endapo imepenya kweli. Limesalia jina la ule utando ufunikao mfupa. "Ngozi ya mfupa" tumelikataa, kwa sababu litatuletea saratani ya ngozi mahali pasipo ngozi. Wasomaji wenye neno zuri zaidi, hasa wanaowajua wachinjaji na waganga wa kuunga mifupa, watuandikie.