Ngano, Mchezo na Kishikwambi

Watungaji wa michezo ya kompyuta ya kufundishia aghalabu hudai kwamba hadithi humvuta mtoto, na mtoto aliyevutwa hujifunza. Dai hili lina ukweli wake, lakini lachanganya mambo mawili. Mwaka 2011 Habgood na Ainsworth walieleza mchezo wa kupigana na viunzi vya mifupa vilivyoandikwa namba kifuani, ambavyo havishindwi ila kwa silaha yenye namba inayoigawa ile ya kifuani pasipo kubakiza. Watoto wengine walipewa mchezo huo huo, ila hesabu ziliwekwa kando, zikaulizwa baina ya hatua na hatua. Kwa muda ule ule, wale wa kwanza walijifunza zaidi. Hadithi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mahali ilipotiwa hesabu.

Mchunguzi wa fasihi simulizi hatastaajabu. Katika kitendawili, kufumbua ndiko kucheza. Na katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, asiyehesabu vema hufungwa. Hapana haja ya kumtunza nyota ya dhahabu anayehesabu.

Kwa mizani hii twaweza kulitazama shindano la Global Learning XPRIZE, ambalo programu zake za Kiswahili zilijaribiwa katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga kwa watoto wapatao 3,000, hata Mei 2019 Kitkit School na onebillion zikagawana dola milioni 10. Hapo mwanzo, watoto zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Si jambo la kubezwa. Lakini taarifa yao yasema pia kwamba asilimia 80 hawakuwa wakisomewa nyumbani. Kusomewa! Je, kusimuliwa? Nyumba isiyo na kitabu yaweza kuwa na ngano tele, na kipimo hiki hakiioni hata moja.

Kasoro hiyo yazidi uzito tukiiacha Tanga na kufika Iguguno, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida. Huko mtoto asemaye Kinyiramba (F31 katika mpango wa Guthrie) aweza kuingia shule akiwa na ngano katika lugha moja na kukuta herufi katika nyingine. Msimulizi humngoja msikilizaji aitikie. Kishikwambi aghalabu hungoja kidole tu. Mtoto aweza kugusa picha iliyo sahihi siku nzima asitamke sentensi moja ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo, programu iliyofaulu Tanga haifai kuhesabiwa kuwa imekwisha kujaribiwa kwa ajili ya Iguguno.

Yafaa utungwe mchezo ambao ngano yake haisongi mbele mpaka mtoto asimulie kipande chake, hata kama ataanza kwa Kinyiramba na mwenziwe akakigeuza Kiswahili. Mchezo wa namna hiyo wataka watoto wawili kwa kishikwambi kimoja, jambo ambalo hata mwenye kulipa gharama hatalichukia.