Matari Yalia, Maana Iko Wapi?

Kila uingiapo Mfungo Sita, mwambao wetu hunukia ubani na marashi, na usiku mitaani hulia matari. Mimi ni mtoto wa sauti hizi. Nilizisikia nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na leo nimepindukia miaka sitini. Basi msomaji asidhani kwamba maneno haya yanatoka kwa mtu auchukiaye uimbaji. Naukosoa kama mzazi anavyomkosoa mwanawe.

Mfungo Sita uliopita nilialikwa kwenye maulidi ya mtaani. Baada ya kusomwa Barzanji, vijana wa madrasa walisimama kusoma kasida. Mmoja wao nilimsomesha mwenyewe tangu alifu na be, na Mola amemjaalia sauti. Aliisoma kasida yake ya Kiarabu kwa lahani ya wimbo wa sinema ya Kihindi. Kina mama nyuma ya pazia wakapiga vigelegele, na wanaume wakainuka kumtunza. Alipokaa nilimwita kando, nikamwuliza: "Mwanangu, ule ubeti wa mwisho wasemaje?" Akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu: "Maalim, lahani naijua. Maana sikufundishwa."

Jawabu hilo lilinikata maini, kwani aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Kuhusu uimbaji wenyewe, maulamaa wamekhitalifiana tangu zamani. Wako waliozikataza ala zote isipokuwa dufu, ambalo ni jamaa ya tari letu, na wako waliolegeza zaidi. Wako pia ndugu zetu wasioyakubali maulidi, na hiyo ni bahathi nyingine. Lakini wote tunaijua habari ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi. Sayyidna Abubakar alitaka kuwakataza, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima katika Ihyaa yake kuzungumzia usikilizaji. Hukumu yake haikusimama kwenye sauti peke yake. Alimtazama mwimbaji, ala, maneno yanayoimbwa, na moyo wa anayesikiliza. Akaeleza kwamba wimbo hautii moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo.

Basi tujiulize: usiku ule, kijana wetu alitikisa nini? Waliokuwa wakiijua sinema ile waliikumbuka sinema. Sifa za Mtume zilipita juu ya vichwa vyetu.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate aliichukua Hamziya ya Imamu Busiri wa Misri akaitia katika tenzi za Kiswahili, ubeti kwa ubeti. Katika karne ya 19, Sayyid Abubakar bin Abdulrahman wa Lamu, maarufu Mwenye Mansabu, naye akayatia maulidi ya Barzanji katika mashairi ya lugha yetu. Watu hawa walikuwa mabahari wa Kiarabu, wao wenyewe hawakuhitaji tafsiri. Walifanya kazi ile kwa ajili ya mama aliyeko jikoni na baharia aliyeko jahazini, ili wanapolia kwa mapenzi ya Mtume wajue wanalilia nini.

Kisha tumtazame Habib Saleh bin Alawi Jamalilleil, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu na kuasisi msikiti wa Riyadha. Aliyaingiza Lamu maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, na akayasoma kwa matari. Baadhi ya wenye mji walichukia. Lakini Habib alikuwa akiwasomesha watu ambao wengine hawakuwaona kuwa wa kusomeshwa, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Watu hao ngoma walikuwa wakiijua. Waliposikia matari walijua kwamba wao pia wamealikwa. Wakaingia, na ndani wakakuta darasa. Habib alifariki mwaka 1935, na hadi leo watu wa mwambao huenda Lamu kwa maulidi hayo. Kwake tari lilikuwa mlango, na elimu ndiyo nyumba. Sisi tumeupamba mlango, nyumba tumeiacha tupu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Kule Misri, Umm Kulthum alikuwa binti wa imamu wa kijijini. Alisoma Qur'ani chuoni na kuanza kwa kuimba kasida za dini pamoja na baba yake. Mwaka 1946 aliimba Nahj al-Burda, kasida ya Ahmad Shawqi iliyofuata nyayo za Burda ya Busiri, kwa lahani ya Riyad al-Sunbati. Kiarabu chake ni kizito, lakini kila herufi ilitoka mahala pake, na hata asiyekuwa msomi aliweza kuyafuata maneno. Sitoi fatwa juu ya nyimbo zake zote. Nasema tu kwamba ulimi wake ulilelewa chuoni, na malezi yale yalisikika.

Hata lahani ya kuazima si kosa peke yake. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliziazima sana lahani za Kihindi. Lakini aliyatia humo mashairi ya Kiswahili safi, mengine ya jamaa yake Ahmad Nassir, na watu waliyahifadhi maneno na kuyajadili barazani. Lahani ilikuwa ya mgeni, maneno yalikuwa ya mwenyeji na yakifahamika.

Kasida nyingi za siku hizi, zinazorekodiwa kwa kinanda na kusambazwa kwenye simu, zina aibu mbili. Ya kwanza, ala huyafunika maneno. Ya pili ni mbaya zaidi: herufi fupi huvutwa ili ifuate lahani. Waliosoma fiqhi wanajua hatari yake. Neno "akbar" ukilivuta mwishoni likawa "akbaar", mabingwa wa lugha wanasema linakuwa wingi wa "kabar", yaani ngoma. Mtu alikusudia kumtukuza Mola, ulimi wake umetaja ngoma!

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewalaumu wasioizingatia Qur'ani, katika Sura ya 47, aya ya 24. Ikiwa hayo ni kwa maneno yake Mola, vipi tutaridhika kuimba sifa za Mtume wake kama kasuku?

Tangu usiku ule nimeweka sharti chuoni kwangu: mtoto hapandi jukwaani mpaka aeleze kwa Kiswahili kila ubeti atakaousoma. Wengine wamenuna kwa kuwa mazoezi yamekuwa marefu. Yule kijana wangu alikuwa wa kwanza kurudi. Tulikaa mkekani baada ya Alasiri, tukaifasiri kasida yake neno kwa neno. Tulipofika ule ubeti wa mwisho alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, kumbe hii ni dua!"

Nawe mzazi, mwanao akirudi na tuzo ya kasida, mpongeze, kisha mwulize maana yake. Akishindwa, usimkaripie. Mshike mkono, mje sote wawili kwa mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.