Hasara "Ndogo" ya Ubora: Duolingo na Akili Mnemba

Tarehe 28 Aprili 2025, Luis von Ahn, mkuu wa Duolingo, kampuni ya Marekani ifundishayo lugha kwa njia ya simu na kompyuta, alitoa waraka wa kuitanguliza akili mnemba katika shughuli zote za kampuni. Wafanyakazi wa mkataba wataachwa hatua kwa hatua katika kazi ziwezazo kufanywa na mashine. Aidha, waraka ulisema ni afadhali kwenda haraka na kupata hasara ndogo za ubora mara moja moja kuliko kukawia na kupitwa na wakati. Siku mbili baadaye zilitangazwa kozi mpya 148. Kozi 100 za kwanza zilichukua miaka 12 hivi. Hizi zilichukua karibu mwaka mmoja.

Hatuna ugomvi na mashine. Tunalotaka kulipima ni neno "ndogo".

Kozi hizo zinafundisha lugha saba: Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kichina. Hizo ni lugha zenye maandishi tele na istilahi zilizokwisha tulia; kosa likipenya, mwanafunzi ana pengi pa kulisahihishia. Kiswahili, ambacho kozi yake ilianza mwaka 2017 kwa juhudi za watu wa kujitolea, hakimo. Siku mbinu hii itakapokifikia, hasara haitakuwa ndogo.

Tutazame mifano miwili. Kwanza, salamu ya Kiingereza haisemi nani anamsalimu nani. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuuliza: je, ni kijana mbele ya mzee, apaswaye kusema "shikamoo", au ni marika wawili waulizanao "hujambo"? Mashine isiyouliza itachagua lile lililozidi katika maandishi iliyojifunzia. Pili, Tanzania husema "kompyuta", na vitabu vya Kenya hutumia pia "tarakilishi". Hata jina la akili hii halijatulia: wapo wasemao "akili mnemba", wapo wa "akili unde", na wapo wa "akili bandia", ijapokuwa "bandia" ina harufu ya noti za kughushi. Mashine yaweza kuyachanganya yote katika somo moja pasipo kumwambia mwanafunzi lipi limetoka wapi.

Anayeyakamata makosa ya namna hii ni nani? Ni mfasiri na mhariri wa mkataba, yule yule ambaye waraka unamwondoa. Mwezi Mei 2025 von Ahn alifafanua kuwa haoni akili mnemba ikichukua nafasi ya waajiriwa wake. Ufafanuzi huo ni mwema, lakini waajiriwa si watu wa mkataba.

Kwa hiyo twashauri kwamba mwalimu, mfasiri au ofisi ya serikali ipokeapo somo lililotungwa na mashine idai mambo mawili: jina la aliyelikagua, na orodha ya istilahi zilizofuatwa. Kitabu cha kiada huombewa ithibati ya lugha kabla ya kumfikia mtoto darasani. Somo la kwenye simu lisipewe msamaha ambao kitabu hakipewi.