Bluzi ya Dodoma?

Kila nikiwasikilizisha wenzangu wa umahiri wimbo wa Hukwe Zawose, hakosi mmoja wa kusema: "Mbona hii ni bluzi kabisa!" Anasifu. Mimi sifa hiyo hunikera.

Sikio lake halijamdanganya. Muziki wa Wagogo hufuata sauti zinazojizaa zenyewe ndani ya uzi mmoja ukipigwa, na ya saba kati ya hizo iko chini kidogo ya noti ya piano. Waimbaji wa Mississippi nao hupenda kukaa karibu na hapo hapo. Ladha yao ilipanda hadi Chicago, ikaingia kwenye gitaa la umeme, ikailea roki ya Uingereza, na kwa njia hiyo ikatulea na sisi. Ndiyo maana Mgogo akiimba, tunamsikia Muddy Waters.

Ila nasaba haipo. Gerhard Kubik, aliyeitafiti sana asili ya bluzi, anaielekeza kwenye savana za Afrika Magharibi. Misafara iliyokatiza Ugogo (na kulipishwa hongo na Wagogo, tusisahau) iliteremka Bagamoyo na kuvuka kwenda Zanzibar. Hata Tabora Jazz na Morogoro Jazz, pamoja na majina yao, walipiga dansi lenye damu ya Cuba zaidi kuliko ya Mississippi.

Ukitaka kuyasikia mawili haya yakikutana, tafuta *Assembly*, albamu ya 2002 ya Zawose na Mkanada Michael Brook. Brook alibuni gitaa linaloshikilia noti bila kukoma, na mara nyingine analitandaza mno, ilimba inageuka pambo. Hapo nachoka. Lakini Zawose akipandisha sauti, gitaa halina budi kungoja. Na sikiliza vizuri: noti ambayo mpiga bluzi huitafuta kwa kuuvuta uzi kwa kidole, kwa sababu gitaa lake halikuundwa kuwa nayo, fundi wa ilimba ameshaiweka kwenye chuma. Haitafutwi. Ipo.

Kwa hiyo neno "bluzi" linatufanya tusikie upungufu, noti iliyoshushwa, mahali ambapo Mgogo hajashusha kitu. Nina rafiki hapa Dodoma, mpiga gitaa mzuri, anayeweza kukutajia albamu za B.B. King kwa mfuatano wake. Juzi nilimwonyesha picha ya izeze. Akaniuliza kama ni ilimba.