Bolti Iliyokatikia Ndani: Maoni Juu ya Rasimu ya Mwongozo wa Mafundi wa Magari

Miongoni mwa rasimu zilizoletwa mezani kwetu ili zisomwe kwa jicho la istilahi ni mwongozo mfupi wa mafundi wa magari, uliofasiriwa kutoka Kiingereza. Sura yake moja yaeleza namna ya kutoa bolti iliyokatika katika bloku ya injini kuukuu. Mfano uliotumiwa ni Land Rover ya petroli yenye injini ya lita 2.25. Gari la namna hiyo bado huonekana katika njia zetu za vijijini, ingawa aina yake ya Series III ilikoma kutengenezwa mwaka 1985.

Twakiri tangu mwanzo kwamba tulipoisoma sura hiyo mara ya kwanza hatukuona kosa. Sarufi ilikuwa safi, ngeli zilipatana, na kila neno lilikuwamo katika kamusi. Basi tukaipeleka gereji. Huko tulimkuta fundi mmoja mwenye kazi ya namna hiyo hiyo mkononi: bolti ya pampu ya maji ilikuwa imekatika, na kipande chake kimebaki ndani ya bloku. Tulimwomba aifuate rasimu neno kwa neno. Aliifuata. Bolti haikutoka, na chombo cha kuitolea nacho kikakatikia ndani ya ile bolti.

Msomaji asiyejua kazi hii yafaa aelezwe uzito wa jambo lenyewe. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu. Maji ya kupozea injini hupenya polepole hadi kwenye bolti, kutu huzaliwa, nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hata bolti ikabanwa kana kwamba imeota mizizi. Fundi akitia spana kwa nguvu, kichwa hukatika na shina hubaki. Dawa yake ni kulilowesha kwa mafuta mepesi, kupasha moto chuma kinachoizunguka bolti, kutia alama katikati barabara, kutoboa kwa drili, kisha kupigilia ndani ya tundu hilo chombo chenye hesi za kinyume, ambacho kadiri kinavyozungushwa upande wa kufungua ndivyo kinavyozidi kuuma. Chombo hicho ni cha chuma cha pua kilichofanywa kigumu mno. Kikikatika humo ndani, ncha ya kawaida ya drili haikitoboi. Kwa hiyo aliyekuwa na tatizo moja huwa na mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kosa la rasimu lilikuwa katika kitenzi kimoja. Mfasiri aliandika: “Choma bolti, kisha itoe.” Fundi akachukua moto wa gesi, akauelekeza kwenye bolti yenyewe hata ikawa nyekundu, na papo hapo akaanza kuizungusha. Lakini chuma kikipata moto hutanuka. Bolti iliyo moto kuliko tundu lake hukazana zaidi. Maandishi ya asili yalitaka kinyume chake: moto uende kwenye bloku, tundu litanuke, bolti ilegee. Tena yalitaka moto huo uwe wa taratibu na ulioenea, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipashwa moto ghafla mahali pamoja huweza kupasuka.

Kuchoma ni kitenzi chenye mzigo mkubwa. Twachoma nyama, twachoma sindano, twachoma takataka, na katika gereji kuchoma mara nyingi ni kuunga chuma kwa moto. Katika kazi hii hii moja, fundi huweza kuhitaji kupasha moto, kutoboa, na kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki ili apate pa kushikia. Hayo ni matendo matatu, na Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuyatofautisha. Mfasiri aliyatia yote katika kimoja, si kwa sababu lugha ni maskini, bali kwa sababu hakuiuliza.

Kasoro ya pili ni maneno “zungusha kuelekea kushoto.” Mpini wa spana ukiwa juu ya bolti, kufungua ni kuusukuma kushoto. Ukiwa chini yake, kufungua ni kuusukuma kulia. Aliyelala chini ya gari atafuata kushoto kupi? Mafundi walikwisha kulimaliza suala hili zamani: wao husema upande wa kufunga na upande wa kufungua. Istilahi hiyo haimtegemei mtu amesimama wapi. Twapendekeza ichukuliwe kama ilivyo.

Ya tatu ni “parafujo iliyovunjika.” Parafujo ni neno letu la siku nyingi, lenye asili ya Kireno, na halina ubaya mahali pake. Lakini bolti si parafujo, na fundi hawezi kuagiza kimoja akitaja jina la kingine. Ama kuvunjika, ni kwa kikombe na fimbo. Bolti hukatika. Fundi alipotuambia “imekatikia ndani” alisema kwa kitenzi kimoja, chenye kauli ya kutendea, jambo ambalo rasimu ilitumia mstari mzima kulieleza. Kwa kipande kinachobaki twapendekeza kisiki, na kwa chombo cha kukitolea, king'oleo, badala ya “kitoaji” cha rasimu, ambacho chaweza kuwa chombo cha kutoa kitu chochote.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila litamkwalo gereji lichukuliwe bila kupimwa. Mafundi husema thredi, nasi tunalo neno hesi, lililo fupi na lenye kukubali sifa: hesi pana, hesi nyembamba. Sifa hizo si pambo. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 yakaribiana nayo hata jicho likadanganyika. Lakini ile ya inchi yenye hesi pana ina hesi 18 katika kila inchi, na ya milimita ina hesi moja katika kila milimita 1.25. Mtu akiisha kung'oa kisiki, kisha akatia bolti isiyo ya hesi hizo, ataharibu tundu alilohangaika kuliokoa. Rasimu yasema tu: “Tia parafujo nyingine ya ukubwa ule ule.”

Wako watakaosema kwamba fundi mzoefu hawezi kupotezwa na karatasi. Ni kweli. Fundi wetu mwenyewe alituambia: “Ningefuata akili yangu, nisingechoma vile. Lakini nyinyi mabwana mlisema nifuate maandishi.” Jawabu hilo lilitusimamisha. Mwongozo hauandikiwi mzoefu. Huandikiwa kijana anayejifunza, asiye na akili nyingine ya kufuata ila ile iliyochapwa. Yeye huamini kwamba walioandika wanajua.

Bloku ile ilibidi ipelekwe kwenye karakana yenye mashine kubwa, na gari, ambalo kazi yake ni kubeba mazao, likakaa bila kwenda. Lawama si ya fundi, wala si ya mfasiri peke yake. Ni yetu pia tuliopitisha macho juu ya kitenzi kile tukakiona kizuri kwa sababu kimo katika kamusi.

Kwa hiyo tumeirudisha rasimu na masharti mawili. Kwanza, kila kitenzi cha kazi kisomwe mbele ya mwenye kazi, naye aonyeshe kwa mikono alichokielewa, asiulizwe tu kama amekielewa. Pili, pale ambapo mafundi wana neno lisilo na utata, tusiwatungie jingine. Istilahi ikishachapwa ni kama chombo kilichopigiliwa katika tundu: ikikatikia humo, kuitoa ni kazi kubwa kuliko ile iliyotuleta.