Mlima Mmoja Mara Nyingi: Nakala ya Cézanne Mtaani Kigobe

Katika sebule moja ya mtaa wa Kigobe, mjini Bujumbura, imetundikwa nakala iliyopigwa chapa ya picha ya Paul Cézanne (1839–1906), mchoraji Mfaransa: Mlima Sainte-Victoire na Msonobari Mkubwa. Picha yenyewe, ya rangi za mafuta, ilichorwa mnamo 1887 hivi, nayo imehifadhiwa katika jumba la Courtauld, London. Twaijadili hapa kwa kuwa mwalimu afundishaye insha za wasifu ana la kujifunza kwayo.

Tuanze na fani. Mbele kabisa pana msonobari, na matawi yake yametanda angani yakiufuata mgongo wa mlima ulio mbali. Bondeni mna mashamba ya kijani na manjano, nyumba chache, na upande wa kulia daraja refu la reli. Umbali umeonyeshwa kwa rangi: udongo wa karibu una joto, mlima una samawati na waridi. Hayo yote nakala imeyahifadhi vema. Isichokihifadhi ni mkono wa msanii. Kwenye turubai, kila mguso wa brashi waonekana. Kwenye karatasi, wino umelala bapa. Nakala yaisimulia picha kama muhtasari uisimuliavyo riwaya.

Je, maudhui? Huenda mtu akasema kwamba mashamba ya Provence hayatuhusu. Hoja hiyo ina uzito. Picha kama hii ikiwa pambo tu, humfunza mtoto kwamba shamba lenye kustahili kusifiwa ni la Ulaya. Ndipo mwanafunzi asiyepata kuiona theluji huandika juu ya theluji, na vilima vya Mumirwa, vilivyo nyuma ya mji wake, asivitaje.

Lakini Cézanne mwenyewe aipinga tabia hiyo. Alizaliwa Aix-en-Provence, karibu na mlima huo wenye kimo cha mita 1,011, akauchora kwa rangi za mafuta zaidi ya mara 30, hadi miaka yake ya mwisho. Paris aliijua, lakini mada yake kuu aliipata kwao.

Nasi tunayo yetu. Kutoka Kigobe, hewa ikitakata baada ya mvua, milima ya Kongo huonekana upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde la Rusizi. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi huificha. Mwalimu na awaagize wanafunzi waieleze milima hiyo mara tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, bila kulitumia neno "nzuri". Watalazimika kuyatafuta maneno yao: zambarau, hudhurungi, rangi ya majivu, kilele, mteremko, genge, tambarare. Hapo ndipo nakala hii itakapokuwa imefanya kazi ya sanaa darasani. Vinginevyo itabaki karatasi yenye fremu.