The Good Ones: wimbo kwanza, historia baadaye

Adrien Kazigira na Janvier Havugimana ni wakulima Wanyarwanda, na wanaimba pamoja tangu zamani. Nje wanajulikana kama The Good Ones. Mwamerika Ian Brennan aliwarekodi 2009, mwaka uliofuata ikatoka albamu Kigali Y' Izahabu, na baadaye wakaalikwa kupiga Ulaya na Marekani. Lakini vijana wengi ninaofanya nao kazi hapa Rusizi hawakuwa wanawajua. Tuliwaangalia kwenye simu, na wale wanaosema Kinyamulenge wakatutafsiria Kinyarwanda.

Gita moja, sauti mbili, mdundo wa mkono, wakati mwingine hata vifaa vya shamba. Ni hivyo tu. Mmoja anaanza karibu kama anaongea, mwenzake anaingia juu yake, wanabanana mpaka hujui nani amebeba wimbo. Gita haijionyeshi, inawafuata tu. Albamu ya 2019, Rwanda, You Should Be Loved, ilirekodiwa shambani kwa Kazigira, wakiimba moja kwa moja. Kwa hiyo ukiwaona jukwaani unapata kilekile. Ile ya 2025 yenye fidla ni nzuri, sikatai, lakini mimi naona fidla zinajaza nafasi ambayo zile sauti mbili zilikuwa zinaihitaji.

Shida yangu ni namna wanavyotangazwa. Karibu kila tangazo linaanza na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Ni kweli waliyapitia, hakuna mtu wa kuyafuta. Lakini nyimbo zao nyingi ni za mapenzi! Mtu amekaa pale anangoja machozi, kumbe jamaa anambembeleza msichana.

Sisi wakimbizi tunaijua hii. Kijana anashika gita, mgeni anamuuliza kwanza alikimbia lini, aliona nini njiani. Nani alimfundisha kupiga vile, hakuna anayeuliza. Baadaye kijana naye anajifunza: anaacha wimbo wake wa mapenzi, anatunga wa vita, kwa sababu ndio unapigwa picha.

Ndugu zetu wa mashirika, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mkipanga jukwaa wapeni hao wanaoimba wawili wawili dakika zao, bila spika kubwa. Mtangazaji ataje majina yao na jina la wimbo, halafu ashuke.